Pumu ya Ngozi: Jeni Ipo, Lakini Mlango Umefungwa



 Leo tutajifunza juu ya maradhi ambayo hayaui watu wengi lakini yanawanyima usingizi watoto wengi na mama zao. Ni pumu ya ngozi, yaani ule muwasho wa mzio, au aleji kama wengi tunavyosema.

Huku kwetu Mang'ola maradhi haya yanajulikana vizuri. Kiangazi kinapokaza na upepo unapopandisha vumbi kutoka upande wa Ziwa Eyasi, watoto huanza kujikuna. Viwiko vinakuwa vyeusi na vigumu, nyuma ya magoti panapasuka, na shuka asubuhi ina madoa ya damu. Hapo ndipo maneno huanza. Wa kwanza atasema mama ni mchafu. Wa pili atasema ni kijicho. Wa tatu atasema, "Hayo ni ya ukoo wao, hayana dawa."

Kila neno katika hayo lina madhara yake. Mama aliyeambiwa ni mchafu humsugua mtoto kwa sabuni kali mara tatu kwa siku, na ngozi inazidi kuharibika. Aliyeambiwa ni kijicho huchelewa kufika zahanati. Na aliyeambiwa ni ya ukoo hukata tamaa, au hununua krimu yoyote inayouzwa mnadani.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, inshaallah msomaji aweze:
(a) Kueleza kwa nini ngozi ya mwenye mzio huwaka na kukauka.
(b) Kutofautisha kuharibika kwa jeni na kufungwa kwa jeni.
(c) Kumtunza mgonjwa nyumbani, pamoja na udhu wake, bila kumdhuru.

UGONJWA HUU NI UPI?

Pumu ya ngozi mara nyingi huanza utotoni. Kwa mtoto mchanga hutokea mashavuni na kichwani. Akikua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Mara nyingi katika familia hiyo yupo mwenye pumu ya kifua, au anayepiga chafya na kutokwa na machozi msimu wa maua na vumbi.

Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani. Tunaona weusi uliozidi, au rangi ya kijivujivu, vipele vidogo vidogo vinavyokwaruza kiganja, na ngozi iliyofanya unene kwa kukunwa. Usisubiri wekundu.

Maradhi haya hayaambukizi. Mtoto mwenye pumu ya ngozi akae na wenzake kwenye mkeka mmoja wa madrasa, ale nao sinia moja, alale na ndugu zake. Kumtenga ni kumdhulumu.

Lakini kuwa makini, kwani si kila muwasho ni pumu ya ngozi. Ikiwa nyumba nzima inajikuna, hasa usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huo huenda ni upele unaosababishwa na vidudu, nao una dawa yake, na wote mliomo nyumbani mtatibiwa kwa pamoja. Ikiwa ni duara lenye ukingo ulioinuka, huenda ni fangasi. Fangasi akipakwa krimu ya pumu ya ngozi hutulia siku chache kisha husambaa zaidi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuonwa na tabibu.

JENI NI NINI?

Ndani ya kila seli ya mwili, isipokuwa chache kama seli nyekundu za damu, mna maandishi ambayo Allah ameyaweka. Sehemu moja ya maandishi hayo yenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani ndiyo tunayoiita jeni. Binadamu ana jeni za namna hiyo karibu 20,000. Seli ya jicho inazo zote, seli ya ini inazo zote, na seli ya ngozi inazo zote.

Basi kwa nini ngozi isiwe jicho? Chukua mfano wa aliyehifadhi Qur'an. Ana juzuu zote 30 kifuani mwake, lakini anaposimama kuswali hasomi zote katika rakaa moja. Husoma alichokusudia kwa wakati huo. Seli nayo ni hivyo. Inazo jeni zote, lakini husoma zile zinazohusu kazi yake na wakati wake. Utaratibu huo wa jeni ipi isomwe, lini na kwa kiasi gani, ndio wataalamu wanaouita udhibiti wa jeni.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola ataelewa jambo hili haraka kuliko mtu mwingine. Maji ya chemchemi yapo. Mfereji upo. Lakini majaruba yako hayapati maji mpaka zamu yako ifike na mlango ufunguliwe. Mlango ukifungwa vitunguu vitanyauka, ingawa chemchemi haijakauka na mfereji haujabomoka. Anayepita akiona shamba limekauka atasema, "Mfereji umebomoka," kumbe mlango tu ndio umefungwa.

Tofauti hiyo, ya mfereji uliobomoka na mlango uliofungwa, ndiyo kiini cha somo letu la leo.

UKUTA WA NGOZI

Ngozi ya juu ni kama ukuta. Seli ni matofali, na mafuta yaliyo katikati ni udongo unaoyashika. Miongoni mwa protini zinazoimarisha ukuta huo ni moja iitwayo filagrini. Huyakaza matofali, na baadaye ikivunjikavunjika hutoa vitu vinavyoshika maji ili ngozi isikauke.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kwamba watu wengi wenye pumu ya ngozi huko kwao wana jeni ya filagrini iliyoharibika. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu mmoja katika 10 amebeba jeni ya namna hiyo. Kwao, basi, mara nyingi mfereji wenyewe una hitilafu.

Je, na sisi? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wagonjwa wa Ethiopia ulitafuta hitilafu hizo na karibu haukuzikuta. Pumu ya ngozi ilikuwepo vilevile, lakini kwa karibu wote jeni ya filagrini ilikuwa nzima.

Sehemu ya maelezo ya jambo hilo ilikwishapatikana Marekani mwaka 2007. Watafiti waliona kwamba seli za ngozi zenye jeni nzima ya filagrini huacha kutengeneza protini hiyo ya kutosha pale zinapomwagiwa kemikali mbili za mzio. Yaani jeni ipo, ila mlango umefungwa.

MLANGO HUFUNGWAJE?

Tufuate hatua kwa hatua.

Kwanza, ukuta unapata nyufa. Huenda ni kwa ukavu, sabuni, kujikuna, au udhaifu wa kuzaliwa nao.

Pili, vumbi, vijidudu na vitu vya mzio hupenya katika nyufa hizo. Seli za ngozi hupiga mbiu ya hatari.

Tatu, askari wa kinga waitwao seli T huitikia mbiu hiyo. Humwaga kemikali za kupeana habari, zikiwemo interlukini-4 na interlukini-13.

Nne, kemikali hizo hugusa milango ya nje ya seli ya ngozi. Ndani ya seli kuna mjumbe aitwaye STAT6. Huamshwa, huingia kwenye kiini cha seli, na huko hubadilisha zamu za jeni. Jeni za filagrini na za mafuta ya ngozi hupunguziwa. Jeni za protini zinazoua vijidudu nazo hupunguziwa. Wakati huohuo jeni za kuendeleza uvimbe hufunguliwa.

Tano, kemikali nyingine, interlukini-31, husisimua mishipa ya fahamu na mgonjwa husikia muwasho. Hujikuna, na ukuta hupata nyufa mpya. Bakteria aitwaye stafilokokasi hukuta ngozi isiyo na silaha, naye huongeza moto.

Unaona, ndugu msomaji, mzunguko huo? Nyufa huleta uvimbe, uvimbe hufunga jeni za ukuta, na ukuta dhaifu huleta nyufa. Ndiyo maana kumwambia mtoto, "Acha kujikuna," hakutoshi. Lazima mzunguko ukatwe sehemu mbili kwa pamoja: kuziba ukuta kwa mafuta, na kuzima uvimbe kwa dawa.

JE, NI YA KUKOO?

Ni kweli maradhi haya hufuata ukoo, lakini ukoo hauamui kila kitu. Huko Denmark, utafiti wa mapacha uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba pacha wa kufanana mmoja akiwa na pumu ya ngozi, mwenzake huwa nayo kwa asilimia 72. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa asilimia 23.

Tafakari namba hizo. Mapacha wa kufanana wana jeni zilezile. Kama jeni pekee zingekuwa hukumu, ingekuwa asilimia 100. Basi yapo mengine yanayofungua na kufunga milango: hewa, maji, chakula, vijidudu, na kazi za mikono yetu.

Hapa kwetu kaskazini upo ushahidi kwamba maisha ya kila siku hugusa kinga. Watafiti wa KCMC, Moshi, na wenzao wa Uholanzi walichapisha mwaka 2025 jaribio lililohusisha vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili cha kijijini kwenda vyakula vya kukaanga na vya viwandani kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe katika damu zao ziliongezeka. Waliorudishwa kwenye chakula cha asili, zilipungua. Jaribio hilo halikupima pumu ya ngozi, kwa hiyo tusiseme maharage na mboga za majani ndiyo dawa yake. Linatufunza tu kwamba kinga ya mwili husikiliza tunavyoishi.

MAZINGIRA YETU

Mang'ola ni sehemu kavu. Hewa kavu hunyonya maji ya ngozi, na vumbi huingia kwenye nyufa. Tena sisi ni watu wa vitunguu na dawa za kupulizia.

Mwenye pumu ya ngozi akimenya au kufungasha vitunguu kutwa nzima, utomvu wake huwasha vidole vilivyopasuka. Avae glavu, na ndani yake avae za pamba ili jasho lisimwashe. Anayepulizia dawa shambani asimkumbatie mtoto kabla ya kuoga na kubadili nguo. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto.

Na tafadhali, kitunguu saumu kisipondwe na kupakwa kwenye ngozi inayowasha. Kinaunguza kama moto, na tunapokea watoto wenye malengelenge kwa sababu hiyo. Kitunguu saumu ni cha chunguni.

KRIMU: RAFIKI NA ADUI

Mwaka 1952 madaktari wa Marekani, Sulzberger na Witten, walichapisha habari za krimu ya haidrokotizoni na manufaa yake kwa ngozi yenye uvimbe. Krimu hizi za steroidi hufanya kazi kwa kuingia ndani ya seli, kushikana na mpokezi wake, kuingia kwenye kiini na kufunga jeni za uvimbe. Yaani dawa hii nayo inacheza na milango ileile.

Ndiyo maana ina pande mbili. Ikitumiwa kwa kipimo, hufunga mlango wa uvimbe na ngozi hupata nafasi ya kujijenga. Ikitumiwa kali na kwa muda mrefu, hufunga pia jeni zinazotengeneza nyuzi za kuishikilia ngozi. Ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupata michirizi, na mishipa huonekana.

Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa kwa siri huwa na steroidi kali, kama klobetasoli, bila kuandikwa. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Mama anayempaka binti yake krimu hiyo kwa sababu "inaondoa muwasho upesi" anaona kweli muwasho unaondoka. Haoni mlango mwingine unaofungwa. Akiacha ghafla, uvimbe hurudi kwa ukali zaidi.

Kwa upande mwingine, wapo wanaoogopa hata haidrokotizoni ya asilimia 1 aliyoandika tabibu, na mtoto akateseka bure. Dawa hiyo ni ya nguvu ndogo. Fuata maelekezo haya:

1. Paka sehemu iliyowaka tu, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoandikiwa, mpaka itulie.
2. Kipimo: krimu inayofunika ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.
3. Krimu kali isiguse uso wala macho, wala isifunikwe na nepi.
4. Isipotulia ndani ya wiki mbili, rudi kwa tabibu. Usijiongezee nguvu ya dawa mwenyewe.

Siku hizi zipo pia sindano zinazowazuia wale wajumbe, interlukini-4 na 13. Ya kwanza, dupilumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2017. Bei yake ni kubwa mno kwa familia zetu. Lakini kufaulu kwake kunathibitisha somo letu: ukiwazuia wajumbe, milango ya ukuta hufunguka tena.

UDHU, KUOGA NA MAFUTA

Muislamu hutawadha mara nyingi kwa siku. Wapo wazazi wanaouliza kama udhu ndio unaomharibu mtoto. Maji safi ya udhu hayana tatizo. Tatizo ni sabuni, kusugua, na kuiacha ngozi ikauke yenyewe kwa upepo.

Atawadhe kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu. Asitumie sabuni ya mche wala ya unga katika viungo vya udhu. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na sabuni hizo huuondoa. Akimaliza ajifute kwa kugusagusa, kisha apake mafuta kabla ngozi haijakauka kabisa. Kupaka baada ya udhu kunampa mafuta mara tano kwa siku bila kutafuta muda mwingine. Kabla ya udhu unaofuata, kama yamebaki mafuta mazito yanayozuia maji kufika kwenye ngozi, ayafute kwanza.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni bora na bei yake ni nafuu. Kuhusu mafuta ya zeituni, yana heshima yake na kuyala kuna manufaa. Lakini jaribio la Sheffield, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba yakipakwa kwenye ngozi huudhoofisha ukuta wake, hata kwa watu wazima wasio na maradhi kwa wakati huo. Yale ya alizeti hayakufanya hivyo. Basi tusiyatumie kuwakanda watoto wenye pumu ya ngozi.

Na ikiwa vidonda ni vikubwa kiasi kwamba maji yanamdhuru mgonjwa? Dini yetu haikumwacha. Ruhusa ya mgonjwa kutayamamu imo katika Surat An-Nisaa aya ya 43 na Surat Al-Maida aya ya 6. Tabibu aeleze hali ya ngozi, na sheikh wako akuelekeze namna ya kutekeleza.

Kumbuka pia hadithi aliyoipokea Anas (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir (r.a.) kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho waliokuwa nao, ilhali hariri ni haramu kwa wanaume. Hatuna haja ya kutafuta hariri. Pamba laini inatosha. Funzo lililopo ni kwamba muwasho si jambo la kudharauliwa. Anayemwambia mwenye kuwashwa, "Vumilia tu," na arejee hadithi hiyo.

WAKATI WA KUKIMBILIA KITUO CHA AFYA

Usingoje kesho ukiona: malengelenge yaliyotokea ghafla kwa wingi pamoja na homa, usaha au maji ya njano yanayoganda, ngozi ya karibu mwili mzima imewaka, au macho yamevimba. Kwa maradhi yaliyoshindikana, omba rufaa. Pale KCMC, Moshi, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na matabibu waliosomea hapo wametawanyika wilaya nyingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani kati ya jeni iliyoharibika na jeni iliyofungwa?
2. Kwa nini mafuta peke yake, au krimu peke yake, havitoshi kukata mzunguko wa pumu ya ngozi?
3. Mapacha wa Denmark wanatufundisha nini kuhusu maradhi ya ukoo?
4. Taja mambo matatu ambayo mama atayabadilisha leo katika udhu wa mtoto mwenye pumu ya ngozi.

Ndugu msomaji, mpelekee somo hili jirani anayeambiwa kuwa ni mchafu. Mwambie mfereji haujabomoka. Leo jioni aweke sabuni kali pembeni, apake mafuta ya mgando baada ya udhu wa Magharibi, na kesho ampeleke mtoto zahanati.

Wabillahi tawfiq.